Yai, Kijiko na Achari

Mi karani bandarini, nahesabu makontena,
kwa miaka thelathini, kiti nami twafanana.
Farasi kwangu ni nani, wapi tulipojuana?
Ni Zuwena, wangu mwana, jina langu kaandika.

Shanzu, uwanja wa shule, Jumamosi, saa tatu,
mapipa huku na kule, bendera, ndoo, na watu,
wauza mabuyu tele, na mbwa wasio wetu.
Nikamwambia, "Si utu, mama yako kumcheka."

Chengo kaja na Achari, poni wa kimo cha meza,
mkia wa ufahari, sikio lachezacheza,
jicho limejaa shari, na mdomo wa kubeza.
Kaninusa, akawaza, chafya usoni kaweka.

Nikauliza, "Kwa nini kaitwa jina Achari?"
Kajibu, "Ni mdomoni tamu, tumboni hatari.
Usivute hatamuni, mwite tu, mpe habari;
hwenda kwa yake hiari, breki zake zina shaka."

Suruali nikavaa, ya mwanangu, yanibana,
kofia ngumu yang'aa, "Sufuria!" wakanena.
Kupanda, nikasambaa, Chengo asukuma sana,
upande wa pili tena nikajikuta nashuka.

Kwa mara ya pili, juu, napewa yai, kijiko.
Mchezo wenyewe huu: pitia pipa liliko,
gumba hapana nafuu, ukigusa, ni mwondoko;
atakayefika huko nalo, ndiye asifika.

Filimbi ilipolia, wenzangu hao njiani!
Achari anasinzia kama mlinzi langoni.
Habari nikamwambia, za mzigo bandarini,
na mkubwa ofisini, jinsi alivyonichoka.

Hapo sikio katega, kisha katoka kwa kasi,
la kwanza pipa kapiga, la pili hakulihisi,
nami juu kama mboga ndani ya kapu jepesi.
Yai? Sijui kiasi gani lilitikisika.

Kona ya tatu kahama, kafuata pua yake,
hadi kwa Bi Mwanajuma na zile kashata zake.
Kala tano, kasimama, kalamba midomo yake;
watu, wazee na wake, wavunja mbavu kucheka.

Bi Mwanajuma kanena, "Dada, pesa zangu wapi?"
Mikono miwili sina, mkoba nishike vipi?
Kutazama, nikaona yai lipo, halitapi!
Nikasema, "Sikulipi mpaka nitaposhuka."

"Achari, twende," namwomba, kaenda, kwa lake pozi,
kifua mbele katamba, bwana harusi wa juzi.
Nyasi chini zajipamba mayai ya wachukuzi;
zima ni langu, azizi, pekee lililofika.

Refa, Mwalimu Matano, viatu vyake vyeupe,
kaja kanyosha mkono, "Hebu hilo yai nipe.
Kuna huku mnong'ono, lilipikwa; tusikwepe."
Nikainama nimpe, Achari kichwa katweka!

Kapiga changu kiwiko, yai likapaa juu,
likashuka kwa mwanguko, pa! kwenye wake mguu.
Kikapasuka kicheko hadi barabara kuu.
Kautazama mguu, "Kweli, bichi," katamka.

Tuzo kavikwa Achari, utepe; akatafuna.
Kashata, bila kiburi, nikalipa tano, bwana.
Jumatatu ni safari, ngazi, paja zagombana;
mkubwa akaniona nachechemea, nacheka.

Jioni Zuwena kaja, karatasi mkononi:
"Mashindano tena yaja, ndimu kutupa ndooni."
Nikajibu, "Hebu ngoja, nina mizigo kazini,"
huku nikiwa jikoni, kashata kumi napika.